Wasomaji wauliza: GPS ya gari ya bei nafuu, ramani kwanza, bei baadaye

Maswali mengi ya safari hii yameangukia sehemu moja: kile kifaa cha kuongoza njia kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari, ambacho madukani kinaitwa GPS tu. Tumeokota yale yanayogusa mfuko wa kawaida. Walioandika kuhusu GPS ya kufuatilia gari likiibwa watakuta jibu lao huko chini, fupi, maana hicho ni kifaa kingine kabisa.

SWALI: Habari za kazi. Nina Noah, nasafirisha vitunguu na nyanya kutoka Ilula hadi Dar, na nikiingia Dar mitaa inanishinda. Dukani nimeonyeshwa GPS mbili, bei karibu sawa. Moja ni ya Kichina, kioo cha inchi 7, mpya ndani ya boksi. Nyingine ni Garmin nüvi ya mtumba kutoka Uingereza, kioo cha inchi 4.3. Muuzaji anasema kubwa ndiyo nzuri. Nichukue ipi? (Mama wa vitunguu, Ilula)

JIBU: Mama, ukubwa wa kioo uweke kando kwanza. GPS ni vitu viwili ndani ya boksi moja: kipokezi cha mawimbi ya setilaiti, na ramani. Kipokezi siku hizi ni rahisi, na hata cha bei ya chini kikiwa mahali pa wazi kitajua ulipo kwa kukosea mita 5 hivi. Pesa yako inanunua ramani. Kifaa chenye ramani ya Uingereza peke yake, ukikiwasha Ilula, kitakuonyesha kigari kidogo kinachotembea juu ya karatasi tupu. Kwa hiyo muulize muuzaji: ramani ya Tanzania imo? Ya mwaka gani? Asikujibu kwa mdomo, akuonyeshe kwenye kioo.

Mwaka wa ramani unaupima kwa madaraja. Ingia kwenye mipangilio ya njia, zuia feri, halafu omba njia kutoka Posta hadi Kigamboni. Daraja la Nyerere pale Kurasini lilifunguliwa 2016. Kifaa kikikuzungusha Mbagala na Kongowe, ramani hiyo ni ya kabla ya hapo, irudishe kabatini. Kisha omba njia kutoka Coco Beach hadi Hospitali ya Aga Khan. Kikikupitisha juu ya bahari kwenye Daraja la Tanzanite, ramani ni ya 2022 au baada yake. Kikikupitisha daraja la zamani la Selander, ni ya zamani kidogo lakini bado inabebeka. Anayetaka mpya kabisa aombe njia ya Mwanza hadi Sengerema: Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi limefunguliwa Juni 2025, na ramani nyingi bado zinakupandisha feri. Msomaji wa Nairobi atumie Expressway ya Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022.

Sasa hizo mbili. Hizi GPS za Kichina zisizo na jina kubwa nyingi zinatumia Windows CE, mfumo ambao Microsoft wenyewe wameshaacha kuuhudumia, na programu ya ramani iliyopakiwa na muuzaji. Ikiwemo Tanzania, inafanya kazi vizuri tu. Tatizo linakuja baadaye. Programu isiyo na leseni haisasishwi, na faili likiharibika hakuna pa kulipata tena. Ukiamua kuichukua, chomeka kadi yake kwenye kompyuta siku hiyohiyo, nakili kila kilichomo, uhifadhi.

Nüvi ya mtumba sisi tungeichukua, kwa sababu moja: Garmin inapokea ramani unayojiwekea mwenyewe kwenye kadi, hata ya bure (angalia swali linalofuata). GPS za mtumba za TomTom, kampuni nyingine, hazina mlango huo. Zinakubali ramani za TomTom tu, kwa hiyo TomTom yenye ramani ya Ulaya pekee usiiguse hata ukipewa kwa bei ya soda.

Kabla ya kulipa, toka nayo nje ya duka. Kipimo cha kwanza ni tarehe. Saa ya GPS huhesabu wiki 1,024 kisha huanza upya sifuri, na mara ya mwisho ilianza upya Aprili 6, 2019. Kifaa cha zamani kisichosasishwa programu yake kinaweza kukuonyesha tarehe ya miaka karibu 20 nyuma, na vingine hushindwa kabisa kushika setilaiti. Tarehe ikiwa ya ajabu, mwambie muuzaji akisasishe kwanza mbele yako. Kipimo cha pili ni betri: chomoa waya, kiache kikiwaka dakika 10. Garmin mpya kama Drive 52 ina betri ya saa moja tu, kwa hiyo usitegemee makubwa, lakini kikizima ndani ya dakika mbili ujue kila ukizima injini na kifaa kitazima.

Kipimo cha tatu ndicho kinachowaumiza wengi, nacho ni waya. Waya wa Garmin wa gari una kirezista kidogo ndani ya kichwa chake, kinachokiambia kifaa kwamba hapa ni garini. Ukichomeka waya wa kawaida wa mini-USB, kifaa kinadhani kimeunganishwa na kompyuta, kinaleta picha ya kompyuta na kugoma kuongoza. Watu wametupa GPS nzima kwa sababu ya hilo. Hakikisha waya wa asili umo, pamoja na kishikio chake, maana vishikio vya nüvi haviingiliani ovyo kati ya modeli na modeli.

Usilipie ziada kwa maneno "taarifa za trafiki". Vifaa vya Ulaya vinapata taarifa hizo kwa matangazo ya redio ya huko. Hapa havina cha kusikiliza. Bluetooth nayo si ya lazima. Inchi 4.3 zinatosha kwa Noah, na zikikubana macho, panda hadi 5. Inchi 7 kwenye gari dogo inaziba barabara.

SWALI: Ndugu wahariri, nina Garmin yenye ramani ya Ulaya Magharibi. Nasikia kuna ramani ya bure ya Tanzania na Kenya. Inawekwaje bila kuua kifaa? (Fundi simu, Arusha)

JIBU: Ipo, inatokana na OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Kwetu imechorwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kibera ilichorwa na vijana wa Kibera wenyewe kuanzia 2009, na Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi wa vyuo na wananchi wakipita mtaa kwa mtaa kwenye kata zinazofurika maji. Ndiyo maana Tandale utaikuta na vichochoro vyake, wakati ramani nyingi za kulipia zinaonyesha doa la kijivu.

Tafuta microSD ya GB 8; baadhi ya nüvi za zamani zinatumia SD kubwa, kwa hiyo angalia tundu kwanza. Iformati kwa FAT32. Kwenye tovuti zinazotoa OpenStreetMap kwa muundo wa Garmin, chagua nchi unazozihitaji, na hapa kuwa makini: chagua aina inayoweza kupiga njia. Zipo za kutazama tu, za wapanda milima na za kuchapisha. Ukiweka hizo, kifaa kitaonyesha barabara zote vizuri, halafu ukiomba njia ya Arusha hadi Moshi kinakuchorea mstari mnyoofu juu ya mashamba, au kinasema hakuna barabara karibu. Mtu analaumu kifaa, kumbe ni faili.

Ndani ya kadi tengeneza folda iitwayo Garmin, weka faili humo, na uliite gmapsupp.img. Garmin mpya zinakubali jina lolote linaloishia na .img, za zamani zinataka hilohilo tu, herufi kwa herufi. Faili lisifike GB 4, kwa kuwa FAT32 hairuhusu; ukitaka nchi nyingi, gawa. Kumbukumbu ya ndani ya kifaa usiifute kitu chochote. Kazi yote iishie kwenye kadi, ili ikiharibika unachomoa kadi na kifaa kinarudi kilivyokuwa.

Zima kifaa, chomeka kadi, washa. Ingia mipangilio, sehemu ya ramani na gari, fungua orodha ya ramani zilizomo. Weka alama kwenye ile mpya na uondoe kwenye ya Ulaya. Ukiacha zote mbili zimewashwa, kifaa kinaweza kuendelea kutafuta majina ya mitaa huko Ufaransa.

Udhaifu wake ni mmoja: kutafuta kwa anwani. Ramani hizi kwenye Garmin zinapata taabu na "mtaa fulani nyumba namba fulani". Tafuta kwa jina la mahali (kituo cha mafuta, shule, hospitali), au kwa namba za latitudo na longitudo. Anayetaka ramani ya kulipia yenye njia za porini na mbugani, Tracks4Africa ya Afrika Kusini inauza ya Garmin kwenye kadi. Kwa anayekwenda Katavi au Turkana pesa hiyo ina maana. Kwa wa Arusha mjini, hapana.

SWALI: Je, GPS inakula bando? Na kwa nini ninunue wakati simu ninayo? (Dereva teksi, Mbagala)

JIBU: GPS yenyewe haili bando. Inapokea tu, kama redio inavyopokea matangazo. Setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu hazijui hata kama upo. Kinachokula bando ni ramani inayopakuliwa njiani na taarifa za foleni.

Na tuseme wazi: kwa dereva wa mjini mwenye simu nzuri, kununua kifaa ni kupoteza pesa. Hata ile simu yako ya zamani iliyolala kabatini, isiyo na laini, ni GPS kamili. Ipakie programu ya Organic Maps au OsmAnd kwa Wi-Fi, pakua ramani ya Tanzania (ni mamia ya MB, kwa hiyo si kwa bando la siku), kisha weka hali ya ndegeni uone: kwenye simu nyingi za sasa GPS itaendelea kufanya kazi. Organic Maps ni ya bure bila ukomo wa ramani. OsmAnd ya bure ina ukomo wa kupakua, lakini inaweza kukuongoza kwa Kiswahili. Sauti hiyo inategemea kisoma-maandishi cha simu, basi pakua kabisa kifurushi cha sauti ya Kiswahili ukiwa bado kwenye Wi-Fi. Google Maps nayo inahifadhi eneo la kutumia bila mtandao, ila ramani hiyo ina muda wake, usipoisasisha inaisha. Foleni haitakuonyesha bila data.

Mambo mawili yanawachanganya watu kwenye simu ya bei rahisi. Kwanza, nyingi hazina dira ndani, kwa hiyo ukiwa umesimama mshale unatazama popote. Songa mita 20 mbele, utanyooka. Pili, simu isiyo na mtandao inachelewa kujua ilipo mara ya kwanza, kwa sababu yenye mtandao huletewa taarifa za setilaiti kwa data, na hii lazima izisikilize kutoka angani. Kila setilaiti hutangaza taarifa zake kwa mzunguko wa sekunde 30, na orodha nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Ukiondoka haraka ukapita chini ya maghorofa, usikivu unakatika na kuanza tena. Simama pa wazi, washa, subiri, ndipo uondoke. Hilohilo linahusu GPS ya mtumba iliyotoka Ulaya: siku ya kwanza iache uwanjani robo saa.

Kifaa maalumu kinamfaa anayesafiri masafa marefu nje ya mtandao, mwenye simu inayoita kila dakika mbili, au anayetaka kitu kisichochemka juani na kuzima.

SWALI: Gari langu limetoka Japani na navigesheni yake, maandishi yote ya Kijapani. Fundi anasema anaweza kuweka ramani ya Tanzania. Kweli? (Mmiliki wa Wish, Dodoma)

JIBU: Mzee, hiyo pesa tumia kwa jambo jingine. Mifumo ya magari yanayouzwa Japani imetengenezwa kwa ramani za Japani, na ramani za kwetu kwa muundo huo hazipo madukani. Fundi anachoweza ni kubadilisha lugha kwenye baadhi ya modeli, au kufungua mlango wa kuchomeka kioo kingine. Redio hiyohiyo mara nyingi inaishia 90 MHz, kwa hiyo hata vituo vyako vya redio nusu havipatikani.

Ila kuna onyo. Baadhi ya redio za Toyota zina kadi ya SD ya ramani ndani, na bila kadi hiyo, betri ya gari ikichomolewa, redio nzima inajifunga na kuandika Kijapani ikidai kadi. Vijana wanaichomoa wakidhani ni memori ya bure ya simu. Iache palepale, na ukibadilisha betri mwambie fundi ashikilie umeme kwa betri ya pembeni.

Ukitaka kuibadilisha kabisa kwa redio ya Android, pima tundu. Toyota nyingi zina tundu la upana wa milimita 200, wakati redio nyingi za sokoni ni za 178, na hapo ndipo fremu za plastiki zinazocheza huingia. RAM isipungue GB 2. Kidude cheusi cha antena ya GPS kilale juu ya dashibodi chini ya kioo, kikitazama juu. Mafundi wengine wanakificha nyuma ya redio, ndani ya vyuma, kisha mteja anaambiwa "GPS ya hii redio ni mbovu". Hata hivyo, kama redio ya zamani inacheza, simu kwenye kishikio ni nafuu mara nyingi zaidi.

SWALI: Mteja alinitumia namba za eneo lake mjini Dar: S 6°48.960' E 39°17.364'. Nikaziandika kwenye GPS, ikajibu hakuna njia. Nikajaribu simu, pini ikaangukia baharini. Nani kakosea? (Msafirisha mizigo, Tegeta)

JIBU: Mteja yuko sahihi, wewe umeziandika 6.48960 na 39.17364. Hizo ni namba nyingine kabisa.

Alichotuma ni digrii na dakika. Dakika 60 hufanya digrii moja, kwa hiyo 48.960 gawa kwa 60 unapata 0.8160. Kwa desimali mahali hapo ni −6.8160, na 17.364 gawa kwa 60 ni 0.2894, yaani 39.2894: katikati ya jiji. Ulivyoandika wewe umesogea kilomita 36 kaskazini na karibu 13 magharibi, kwenye njia ya boti za Unguja. Kifaa kimesema kweli, barabara hapo hakuna. Kwa muundo wa tatu, wenye sekunde, palepale pangeandikwa 6°48'57.6".

Kwa hiyo kabla ya kuandika, ingia mipangilio ya kifaa ubadilishe muundo ufanane na namba ulizotumiwa, au uzigeuze kwa kikokotoo kama hapo juu. Na usisahau S, au alama ya kutoa mbele ya namba. Ukiiacha, −6.8160 inakuwa kaskazini ya Ikweta na unapelekwa upande wa milima ya Bale, Ethiopia, kilomita 1,500 kutoka kwa mteja wako. Kenya na Uganda wanapaswa kuwa waangalifu zaidi, maana Ikweta inapita katikati ya nchi, na kosa la S na N linaweza kukupeleka mahali panapoonekana pa kweli kabisa.

Desimali 5 zinakupa usahihi wa mita moja hivi. 4 ni mita 11. Anayekutumia desimali 2 amekutumia kilomita nzima. Kibao cha namba ya nyumba kilichowekwa kwenye operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 kinasaidia ukishafika mtaani, lakini usitarajie GPS ya zamani kuijua namba hiyo.

SWALI: Naendesha Scania, Dar hadi Kigali. GPS ndogo ya gari itanifaa? Nyingine nilichomeka ikaungua chaja. (Dereva wa malori)

JIBU: Lori lako ni volti 24. Chaja iliyoandikwa 12V tu itaungua, na ikiungua vibaya itaondoka na kifaa. Soma maandishi madogo: yaseme 12–24V. Chaja itoe angalau ampea 1. Za nusu ampea zinaonyesha kuchaji huku betri inashuka, kufika Morogoro kifaa kimezima.

GPS ya gari dogo haijui urefu wa lori wala uzito. Haitakuonya kuhusu daraja la mtaani lisilobeba tani zako 56 wala nyaya zilizoning'inia. GPS za malori zipo, ila ni ghali, na data ya vizuizi vya malori kwa njia zetu bado ni chache, hivyo ziada hiyo hatuoni inakurudishia nini. Kwa barabara kuu unazozijua, ndogo inatosha. Ukiambiwa kata kulia kwenye barabara ya vumbi ili kuokoa kilomita 4, kataa. Weka "njia ya haraka", usiweke "njia fupi", na zuia barabara zisizo na lami.

Ukivuka Rusumo unahamia kulia mwa barabara. Ramani nzuri inabadilika yenyewe. Zile za bure zilizotengenezwa kwa mpangilio mmoja wa kushoto zinaweza kukosea maelekezo ya kipilefti upande wa Rwanda, basi fuata mchoro kwenye kioo na alama za barabarani, sauti isikutawale.

Mizani unaweza kujiwekea tahadhari bure. Garmin wana programu ya kompyuta iitwayo POI Loader. Andika faili la CSV (maandishi yanayotenganishwa kwa mkato), kila mstari mahali pamoja: longitudo kwanza, kisha latitudo, kisha jina, mfano "Mizani Vigwaza". Wengi huanza na latitudo na mizani yao yote huishia pasipojulikana. Chagua kuweka mwenyewe umbali wa tahadhari, mita 2,000 zinatosha kupunguza mwendo kwa heshima.

SWALI: Nikipita Mombasa Road chini ya Expressway, GPS inaniambia niko juu na kunitaka nitoke kwenye exit. Ni mbovu? (Nairobi)

JIBU: Si mbovu. Barabara mbili zimelaliana, na GPS inakosea kimo zaidi ya inavyokosea pembeni. Juu yako pia kuna zege linaloziba anga na kurudisha mawimbi. Expressway ni ya kulipia, kwa hiyo weka "kwepa barabara za kulipia", na kifaa kitakubakiza chini. Ukipanda juu, iondoe.

SWALI: GPS inafanya kazi kwenye gari la kaka yangu, kwangu inapoteza setilaiti kila mara. (Tanga)

JIBU: Pima kwa mpangilio. Kwenye Garmin bonyeza na ushikilie vile vistari vya mawimbi, ukurasa wa setilaiti utafunguka. Chomoa chaja: vistari vikipanda, chaja yako inatoa kelele, badilisha. Za bei chee zenye kurusha FM zinaongoza kwa tabia hiyo. Havikupanda? Zima kamera ya dashibodi, nyingine hazina kinga ya kutosha na huziba mawimbi zikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye GPS. Bado? Toa kifaa nje ya dirisha. Vikipanda hapo, kosa ni kioo: tinti yenye chembe za chuma, au kioo cha mbele chenye utando wa kuzuia joto. Hamisha kifaa kwenye pembe isiyo na tinti, au tafuta antena ya nje kama modeli yako ina tundu lake.

SWALI: Kile kinyonyaji cha kwenye kioo kinadondoka kila siku mchana. (Moshi)

JIBU: Futa kioo kwa spiriti, mafuta ya kung'arishia dashibodi ndiyo adui. Raba iloweke kwenye maji ya moto dakika mbili irudi umbo, ikauke, ndipo ubandike. Ukiegesha, ondoa vyote na ufute ile duara kioo kinachobaki nayo, maana mwizi anaisoma. Juani dashibodi huvuka 60°C kirahisi, na betri hizi hazitakiwi kuchajiwa joto likizidi 45°C. Hapo ndipo zinapovimba na kusukuma kioo cha kifaa kitoke.

SWALI: Nataka GPS ya kuona bodaboda yangu iko wapi nikiwa nyumbani. Hizo nüvi zinafaa? (Kahama)

JIBU: Hapana. Nüvi inamwambia dereva alipo, haimwambii mtu mwingine. Unachotaka ni kifuatiliaji: kina laini ya simu ndani, kinakula salio, na hakina kioo wala ramani. Mabasi ya abiria yanayosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, yana mfumo wa namna hiyo. Hakikisha kinashika mtandao unaofika njia zako, na kifichwe mbali na betri.

SWALI: Kipima mwendo cha gari kinasema 54, GPS inasema 50. Trafiki ataona ipi? (Chalinze)

JIBU: Atakayokaribiana nayo ni ya GPS. Kanuni za kimataifa haziruhusu kipima mwendo cha gari kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, lakini zinakiruhusu kuzidisha, kwa hiyo watengenezaji hukiweka juu kidogo. GPS ni sahihi ukiwa kwenye mwendo uliotulia; ukikanyaga mafuta au breki inachelewa sekunde moja au mbili. Ile 50 ya vijijini usiitegemee ramani ikukumbushe, vijiji vingi havijawekewa kikomo ndani yake. Angalia kibao.